Nukta Moja Tumboni mwa Pasi

Blauzi ilikuwa ya dada yangu, rangi ya zabibu, nyepesi kiasi kwamba ukiishika huisikii mkononi. Aliniachia jioni akasema, "Mdogo wangu, ninyooshee hii, kesho naenda nayo kazini." Nilikuwa nimetoka kumaliza suruali mbili za pamba, pasi bado ina moto wake wote, na mtu aliyetoka kunyoosha suruali mbili zikasimama wima hujiona fundi. Nikaitandaza blauzi kifudifudi, nikatua pasi mgongoni, nikasukuma. Pasi haikwenda.

Ilinata. Kisha ikaja harufu, ile ya mfuko wa plastiki uliosogea karibu na jiko, na nilipoinyanyua pasi ikavuta nyuzi nyembamba kama za gundi iliyoanza kukauka. Mgongoni palibaki tundu lenye umbo kamili la ncha ya pasi, kingo zake zimejikunja na kukakamaa kama ukucha. Nilisimama pale nimeishika pasi hewani, nikitazama chini yake, ambako sehemu iliyokosekana ya blauzi ilikuwa inafuka moshi taratibu.

Ndipo nikatafuta lebo. Wakati wa kutafuta lebo ulikuwa dakika tano kabla, najua. Ilikuwa kwenye mshono wa ubavuni, kipande cheupe chenye upana wa vidole viwili, kimeandikwa nailoni 100%, na chini ya maneno hayo mstari wa picha tano. Ya nne ilikuwa pasi ndogo iliyochorwa kwa ubavu, na tumboni mwake nukta moja.

Kwa miaka yote niliyonyoosha nguo nilikuwa nimeziona picha hizo kama mtu anavyoona namba za kiwandani chini ya kikombe. Zipo, hazinihusu. Siku ile nilipolazimika kumweleza dada nilichofanya, nikaanza kuzisoma, na nikakuta kwamba ni lugha yenye sarufi yake, tena fupi kuliko nilivyodhani.

Kwanza, asili yake. Picha hizi zinasimamiwa na chama cha kimataifa kiitwacho GINETEX, kilichoanzishwa Paris mwaka 1963 ili lebo ya shati lililoshonwa nchi moja isomeke nchi nyingine bila mkalimani. Baadaye zikaingia katika kiwango cha kimataifa cha ISO 3758, kilichochapishwa mara ya kwanza mwaka 1991. Kwenye lebo nyingi za leo zimepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe: beseni la kufulia, pembetatu ya dawa ya kung'arisha, mraba wa kukausha, pasi, halafu duara linalomhusu dobi mwenye mitambo. Ukijua mfuatano huo huhitaji kukisia picha ipi inazungumzia nini, hata zikiwa zimefifia.

Na pasi ndiyo rahisi kuliko zote, maana imechorwa pasi kweli. Nukta moja ndani yake ni joto lisilozidi nyuzi joto 110. Nukta mbili, 150. Nukta tatu, 200. Hivyo ndivyo vikomo vilivyozoeleka kwa miaka mingi, mpaka toleo la ISO 3758 la mwaka 2023 lilipoongeza nyuzi joto kumi kwa kila kimoja, na hupimwa kwenye bamba la chini la pasi, pale linapogusa nguo.

(Kiswahili kina mzaha wake hapa. Tunaita nyuzi zile za kitambaa, na tunaita nyuzi zile za kupimia joto. Lebo nzima ni mkataba kati ya nyuzi na nyuzi, na mimi niliuvunja.)

Neno la kushikilia ni *lisilozidi*. Nilikosea hapo kwa muda mrefu hata baada ya kuanza kusoma lebo. Nikiona nukta tatu nilidhani nimeamrishwa: pandisha mpaka tatu. Sivyo. Nukta ni dari. Shati la pamba lenye nukta tatu linaweza kunyooka vizuri kwa nukta mbili likiwa na unyevu kidogo, na hakuna mtu aliyewahi kukosana na lebo kwa kubaki chini. Ukizidi ndipo unapolipa, na hulipi kwa mikunjo, unalipa kwa nguo.

Ila kuyajua hayo hakukunitosha. Nilitaka kujua kwa nini pamba istahimili 200 na nailoni ikimbie. Jibu liko kwenye namna mikunjo inavyokaa ndani ya kila kitambaa. Pamba na kitani ni selulosi, kile kinachojenga miili ya mimea, minyororo mirefu ya molekuli iliyolala pamoja na kushikana kwa vifungo vingi vidogo vya haidrojeni. Maji yakiingia, vifungo hivyo huachia. Nguo ikikauka, hujifunga upya pale ilipo, kama imekunjwa basi kwa mkunjo, kama imenyooshwa basi kwa unyoofu. Ni jambo lile lile unaloliona kwenye nywele zilizolaliwa zikiwa mbichi. Kwa hiyo unyevu hufungua, joto hukausha, na uzito wa pasi huamua vifungo vifunge vikiwa katika mkao gani. Ndiyo sababu pamba iliyokauka kabisa ni mbishi, unaipitia mara kumi inakutazama tu, na ukiinyunyizia maji kidogo inakubali kwa mara moja. Selulosi haiyeyuki. Ikizidiwa na joto inageuka manjano, kisha kahawia, kisha inaungua. Inakupa onyo la rangi.

Nailoni, poliesta na ndugu zao hawana tabia hiyo ya kuonya. Hizi ni plastiki zilizovutwa zikawa uzi. Poliesta huanza kulegea ndani ikifika kati ya nyuzi joto 70 na 80 hivi, kabla hata maji hayajachemka, na mkunjo unaachia papo hapo. Haihitaji zaidi. Ukiendelea kuongeza joto huongezi unyoofu, unaisogeza tu kwenye kuyeyuka, na kabla ya kuyeyuka kuna hatua ya kunata ambayo hutaiona kwa macho mpaka pasi igome kusogea. Nailoni za kawaida huyeyuka kati ya nyuzi joto 220 na 260 kutegemea aina, lakini hulainika na kunata mapema kuliko hapo. Pasi yangu ilikuwa kwenye alama ya kitani, ya juu kabisa. Blauzi ya dada haikuwa na nafasi hata ya sekunde tatu.

Sufu na hariri zenyewe ni nyuzi za wanyama, ni protini kama nywele zako, na kwa kawaida hupewa nukta mbili. Zinapenda unyevu, hazipendi kusuguliwa. Sufu usiisukume; tua pasi, nyanyua, tua tena pembeni. Viskosi, uzi unaotengenezwa kwa selulosi ya miti, nayo huwa nukta mbili, na ikiwa mbichi ni dhaifu kuliko ikiwa kavu, kwa hiyo usiivute.

Sasa mvuke, ambao ndio ulionipa akili kuliko yote. Nilikuwa nikilaumu pasi yangu kwa kutema maji. Nilikuwa nikinyoosha kitambaa chepesi kwa joto dogo, nabonyeza kitufe cha mvuke, na badala ya mvuke yanadondoka matone yanayoacha madoa ya duara. Nilidhani imeharibika. Kumbe hesabu ni nyepesi: maji huchemka kwenye 100, na nukta moja mwisho wake ni juu kidogo tu ya hapo. Pasi iliyo kwenye kiwango hicho haina ziada ya joto ya kugeuza maji yote yanayoshuka kuwa mvuke, basi mengine yanatoka kama yalivyoingia. Ndiyo maana pasi nyingi huweka alama ya mvuke kuanzia nukta mbili. Na ndiyo maana maelezo ya nukta moja huongeza kwamba mvuke unaweza kuharibu nguo moja kwa moja. Sweta ya akriliki ni mfano mzuri: ukiipa mvuke mkali inalegea, inatanuka, inaning'inia kama haijawahi kuwa na umbo, na hakuna kuirudisha. Lebo nyingine zinalisema hilo waziwazi kwa kuchora pasi yenye vistari vya mvuke chini yake, vistari hivyo vikiwa vimepigwa msalaba. Pasi ni ruhusa, mvuke ni marufuku. Tazama vizuri msalaba umekaa wapi.

Maana msalaba ukiwa juu ya pasi yenyewe, hiyo ni habari nyingine: usipige pasi. Watu wawili tofauti wamewahi kuniambia kwamba alama hiyo inamaanisha nguo haina haja ya kupigwa pasi, kwamba inajinyoosha yenyewe. Natamani. Shati lililotiwa dawa lisijikunje huwa na pasi isiyo na msalaba, kwa sababu ukitaka kulipiga pasi unaweza. Msalaba hausemi "si lazima," unasema "itaharibika." Huwekwa kwenye nguo zenye mapambo ya plastiki yaliyogandishwa, vitambaa vilivyopakwa utando usiopitisha maji, na nguo zinazovutika sana.

Kuna nukta nyingine zinazochanganya pia. Mraba wenye duara ndani na nukta katikati unahusu mashine ya kukaushia. Nukta zile ni za joto pia, lakini si joto la pasi. Nilimwona mtu amehesabu nukta mbili za mashine akazipeleka kwenye pasi, na nguo ilikuwa na nukta moja tu. Bahati yake alikuwa bado hajachomeka waya.

Swali nililobaki nalo kwa muda ni hili: shati langu moja ni pamba karibu yote, kwa nini lina nukta mbili? Nikalishika kola. Ndani ya kola ya shati kuna kitambaa cha kuipa ugumu, na mara nyingi kimegandishwa kwa gundi inayoyeyuka kwa joto. Ukizidisha, gundi inaachia na kola inaota malengelenge ambayo hayatoki tena. Nikaelewa. Anayeandika lebo anatafuta kitu dhaifu kuliko vyote ndani ya nguo: bitana ya asetati ndani ya koti la sufu, kamba ya elastiki kiunoni mwa sketi ya pamba, ule uzi wa poliesta uliochanganywa ili shati lisijikunje. Nukta zimehesabiwa kwa ajili ya huyo mnyonge. Kwa hiyo ukiona nukta chache kuliko kitambaa unachokijua, usiseme kiwanda kimeogopa. Geuza nguo ndani nje, utamkuta.

Ila fulana zenye picha kifuani ni za kuangalia kwa makini zaidi. Lebo inaweza kuwa na nukta mbili au tatu kwa sababu fulana ni pamba, na kando yake yameandikwa maneno madogo kwamba pasi isipite juu ya picha. Mimi huigeuza ndani nje na bado naizunguka picha kwa mbali, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

Halafu kulikuwa na koti. Rafiki alinipa koti kuukuu la rangi nyeusi, zuri, na ndani ya lebo yake pasi ambayo sikuwahi kuiona: haikuwa na nukta, ilikuwa na herufi yenye umbo la kisanduku kilichopasuliwa na mstari wa wima, na chini ya pasi mstari wa mawimbi. Nikajiambia, hilo wimbi ni mvuke. Nikatia mvuke, nikakandamiza. Bega la kulia likatoka linang'aa kama limepakwa mafuta.

Koti lilikuwa la Japani. Nchi hiyo ilikuwa na alama zake yenyewe hadi tarehe 1 Desemba 2016 ilipohamia kwenye zile za kimataifa, na nguo za kabla ya hapo bado zinazunguka duniani. Ndani ya pasi waliandika herufi yenye maana ya joto la chini, la kati au la juu. Ile ya kisanduku ni ya kati, kikomo chake 160. Na lile wimbi? Lilikuwa likisema weka kitambaa kati ya pasi na nguo. Kitu kile kile hasa ambacho sikukifanya. Mng'ao kwenye kitambaa cheusi hutokea pale vinyweleo vya juu vinapolazwa na chuma, uso ukawa laini, mwanga ukarudi wote upande mmoja. Mvuke na brashi vilipunguza, havikufuta. Koti nalivaa bado, ila nikipigwa picha nasimama kwa upande wa kushoto.

Tangu hapo nina kipande cha pamba nyeupe, kilichofuliwa mara nyingi mpaka kikawa laini, na kinakaa kwenye meza ya pasi muda wote. Nilifikiria kukitengeneza kutokana na mabaki ya ile blauzi, kama ukumbusho, nikacheka mwenyewe. Kitambaa cha kukinga joto hakiwezi kuwa nailoni.

Kwa bahati nukta za lebo na nukta za kile kidude cha kuzungusha juu ya pasi huzungumza lugha moja, unaoanisha tu. Lakini pasi nayo si mwaminifu sana. Ndani yake kuna kipande cha metali mbili tofauti zilizogandishwa pamoja. Zikipata joto, moja hutanuka kuliko mwenzake, kipande kinapinda na kukata umeme, kikipoa kinanyooka na kuurudisha tena. Kile kimlio kidogo unachokisikia wakati umeme unakatika na kurudi ndicho hicho. Kwa hiyo joto halikai mahali pamoja, linapanda na kushuka kuzunguka ulipoweka, na mara ya kwanza pasi inapowaka huwa linapitiliza. Nguo ya nukta moja nasubiri taa izime, iwake, izime tena. Dakika hizo mbili ni bei nafuu.

Na pasi hupata moto haraka, hupoa polepole. Hiyo peke yake inatosha kupanga rundo zima: anza na nukta moja, panda mbili, malizia na tatu. Mimi siku ile nilishuka kutoka suruali za pamba kwenda blauzi ya nailoni. Hata kama ningezungusha kidude mpaka chini kabisa, bamba lingekuwa bado na joto la kitani kwa muda mrefu. Kosa lilianza kwenye mpangilio, kabla sijaigusa blauzi.

Mama, aliyejifunza kwa pasi isiyo na kidude chochote, alikuwa akilowesha kidole na kudondosha tone. Tone likitandaa na kutoa povu polepole, bado. Likilia chwa na kutoweka, tayari. Likikimbia juu ya chuma kama lulu bila kukauka, acha ipoe. Lile la kukimbia lina jina la daktari wa Kijerumani, Leidenfrost, aliyeliandika mwaka 1756: chuma ni cha moto mno kiasi kwamba tone linaelea juu ya mvuke wake lenyewe, na kwenye bamba laini hilo hutokea kwenye joto la karibu 200. Yaani mama alikuwa akisoma nukta tatu kwa macho. Hakuwahi kuunguza kitu mbele yangu.

Kuisafisha pasi iliyolamba nailoni, kwa anayehitaji: usikwangue kwa kisu, utaichubua. Iwashe joto dogo mpaka mabaki yalainike, yasukume kwa kijiti cha mbao, kisha pitisha pasi juu ya kitambaa cha pamba usichokipenda mpaka kisichukue tena kitu. Fungua dirisha.

Dada hakunigombeza sana. Alichofanya ni kibaya zaidi: kila akinipa nguo ananiuliza, "Umesoma?" kwa sauti ya mwalimu. Wiki iliyopita aliniletea sketi ya kijani yenye marinda. Nikaingiza mkono kiunoni, nikakuta mabaki ya lebo, uzi mbili tatu tu. Aliikata kwa sababu ilikuwa ikimwasha.

"Dada, nisome nini sasa?"

Alinyamaza. Sheria ya Umoja wa Ulaya inalazimisha lebo itaje aina ya nyuzi huku yenyewe ikiziacha picha za matunzo kwa hiari, na mara nyingi picha zikikosekana hilo jina la uzi ndilo linaloniokoa: nachagua ulio dhaifu katika orodha na kwenda naye. Hapa hakukuwa na jina wala picha. Nikaiweka pasi kwenye nukta moja, mvuke nimeufunga, nikasubiri taa mara mbili. Nikageuza sketi, nikatafuta upindo wa ndani, pale kitambaa kilipokunjwa mara mbili na ambapo hakuna jicho la mtu litakalofika. Nikalaza kipande changu cheupe juu yake, nikagusa kwa ncha ya pasi, nikahesabu moja, nikanyanyua. Dada akainama kunusa. Mimi nikapitisha kidole: hakijanata, hakijakakamaa, hakijang'aa.

Nikaigeuza tena, nikaanza na rinda la nyuma.